Mwenyekiti Asiyetaka Mlezi

Nimebishana na watu wa kila aina katika mji huu wa Tunduma. Nimebishana na madereva wa malori waliolala foleni ya mpakani mpaka wakasahau sura za wake zao, na wafanyabiashara wa Nakonde wanaohamia Kibemba pale bei inapowashinda. Wote nimewaweza. Mimi nilianza na baiskeli ya kukodi, nikivusha mizigo ya watu, darasa la saba nimelimaliza kwa kuburuzwa, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi, gesti na magari mawili ya mizigo. Mtu hafiki hapo bila kujua kuongea. Lakini yupo mmoja ambaye sikuwahi kumshinda hata nusu siku, na huyo alikuwa hasikii neno hata moja katika maneno yangu.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha viziwi hapa kwetu. Siku hizi amehamia Ruanda, Mbozi, kwa mwanawe mwenye shamba la kahawa. Kwao asili ni wapi sijui, na sikuuliza, maana ukimuuliza jambo moja anakujibu kumi. Jina lake lipo, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Wenzake walikuwa na alama yao ya kumwita, kiganja kinachogonga meza isiyoonekana, na sisi wenye masikio tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, kilemba kila siku, na macho ambayo yakikutazama ukiingia dukani kwako mwenyewe unajiona umechelewa.

Nilimfahamu kwa sababu ya binti yangu Atupele. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha hai na ikaondoka na masikio yake kabla hajajua kusema. Nimemlea vizuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisemea. Kila alikokwenda nilikuwa mdomo wake. Dukani mimi, kanisani mimi, hospitali mimi. Nyumbani tulikuwa na alama zetu, za kula, kulala, njoo, acha, hela, na zilitutosha. Mpaka siku moja huyo mama akamwona sokoni, akamshika mkono, na jioni binti yangu hakurudi kwa saa yake. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye marobota ya mitumba, mikono inaruka kama ya mtu anayefukuza nyuki, anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka na mtu asiye wa nyumbani.

Basi nikafanya anachofanya mtu mwenye uwezo. Nikawapa chumba nyuma ya duka langu wafanyie mikutano. Hapo ndipo nilipojiletea adha.

Mtu anaweza kudhani mkutano wa viziwi ni kimya. Sio. Wanakanyaga sakafu, wanapiga meza, viti vinaburuzwa, maana kila mtu lazima amwone kila mtu usoni, kwa hiyo hawakai kwa mistari kama watu, wanakaa duara, na akiingia mmoja duara zima linahama. Swichi ya taa ilikuwa ndiyo kengele ya Mwenyekiti. Akiizima na kuiwasha, mikono yote inashuka. Umeme ukikatika, mkutano umekufa, wanabaki gizani kama kuku. Nikawanunulia jenereta. Wakaliweka chini ya dirisha la gesti yangu likaunguruma mpaka wageni wakaja kunigongea, na mle ndani hakuna hata mmoja aliyejua kuwa kuna kosa limetendeka. Nilipokwenda kulalamika, Mwenyekiti aliweka kiganja chake ukutani, akauhisi ukuta unavyotetemeka, akakubali kwa kichwa kwamba kweli, ni jenereta zuri.

Na kuagana. Mkutano ukiisha wanaagana. Wakishaagana wanakumbuka jambo, wanasimama mlangoni chini ya taa, wanaanza upya. Niliwahi kusimama na ufunguo mkononi nikawaangalia wakiagana mpaka nikaenda kula nikarudi, nikawakuta. Nilimuuliza Mwenyekiti kupitia mkalimani wanaongea nini ambacho hakikuongeleka ndani. Akasema kwamba wengi wao wakitoka hapo wanakwenda kwenye nyumba ambazo hakuna mtu wa kuwaambia hata habari ya mvua mpaka wiki ijayo. Kisha akaongeza kwamba kama nina haraka niwaachie ufunguo. Niliwaachia. Mpaka leo sijaupata.

Huyo mkalimani anaitwa Simbeye, kijana wa bodaboda. Anasikia vizuri, ila baba na mama yake wote ni viziwi, kwa hiyo lugha ya alama aliinyonya. Nitamtaja tena. Ni kijana mzuri, ila ana tabia ya kutafsiri kila kitu, hata matusi.

Siku yao moja ya sherehe, nikataka nifanye jambo la kukumbukwa. Nikakodi spika mbili kubwa na maikrofoni, nikaandaa na hotuba. Najua mnachotaka kusema. Wageni rasmi walikuwa wanasikia, jamani, na mimi ni mtu wa watu. Mwenyekiti aliziangalia zile spika, akazizunguka, akawaamuru vijana wazilaze kifudifudi juu ya jukwaa la mbao. Muziki ukafunguliwa mpaka mwisho. Watu wakavua viatu, wakapanda, wakacheza kwa nyayo. Walicheza vizuri kuliko watu wengi ninaowajua wenye masikio mawili. Hotuba yangu sikuisoma. Maikrofoni alikuwa ameshaichomoa, akisema inakula umeme wa bure.

Alikuwa na sauti, huyo mama. Wengi hawakujua. Alikuwa hapendi kuitumia kwa watu, lakini mbuzi wakisogelea mitumba yake ilitoka sauti moja nene isiyo na kona, soko zima likageuka, mbuzi wakaondoka na waliokuwa jirani nao wakaondoka. Mteja akimwita bubu, hakukasirika. Alisoma midomo, akatabasamu, akapandisha bei ya shati palepale. Mteja akiuliza kwa nini, anaonyesha mdomo wa mteja. Na ukisema jambo asilolipenda, alikuwa anafumba macho. Hapo umekwisha. Uwe na mali kama mfalme, uwe na hoja za wakili, mtu amefumba macho, utamwambia nini?

Alinifumbia macho siku niliyoomba kuwa mlezi wa chama. Niliona ni haki yangu. Chumba changu, jenereta langu, viti nusu vyangu. Nilitaka tu nitambulike, nikae meza ya mbele, na ikija barua kutoka wilayani nijue. Simbeye akatafsiri. Mwenyekiti akanijibu kwa upole mbele ya watu wake wote.

"Mlezi analea mtoto. Hebu tutazame humu ndani, halafu nionyeshe anayenyonya."

Nikaanza kumweleza kuwa ni desturi, kila chama kina mlezi. Akafumba. Nikabaki naongea na kilemba.

Lakini huyohuyo aliyekuwa hataki kulelewa aliwalea wenzake kama kuku na vifaranga wake. Hapo ndipo aliponichosha zaidi. Kila mkutano alihubiri kwamba kiziwi ajisemee, kiziwi aamue mwenyewe, asikubali kuamuliwa na baba wala shemeji. Halafu anageuka anaamua yeye. Wewe utajifunza kuchomelea. Wewe achana na huyo mwanaume, hana akili. Wewe, Atupele, utakuwa fundi cherehani. Hakuniuliza mimi. Nilipochunguza, nikakuta hakumuuliza hata Atupele. Binti akashona, akawa fundi, sasa ana wateja kutoka Nakonde wanaovuka mpaka kufuata mishono yake, kwa hiyo nilikosa hata pa kulalamikia.

Aliniamuru hata mimi. Ujumbe wake wa simu haukuwa na shikamoo wala habari za asubuhi. Siku moja ukaingia: "Kesho Chitete. Gari yako. Saa kumi na mbili." Nikasema siendi, barabara ya kule inakula magari. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa amekaa kiti cha mbele, na Simbeye nyuma, na kapu la maandazi.

Tulikwenda mpaka Chitete, tukapita, tukashuka bondeni Momba kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Alikuwa amesikia, sijui kwa masikio ya nani, kwamba kuna mama wa makamo kiziwi katika boma moja kule ambaye hajawahi kukutana na kiziwi mwenzake maisha yake yote. Nikamwambia Simbeye, sasa wataongea nini, huyo mama hajui alama hata moja. Wenyeji wakatuonyesha. Alikuwa zizini. Mwenyekiti aliingia palepale kwenye samadi, na kilemba chake, akamgusa bega, akaonyesha sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa. Yule mama akamtazama muda mrefu. Kisha naye akagusa sikio lake, akatikisa kichwa.

Basi. Tuliondoka jioni. Yule mama alikuwa na alama ya kila ng'ombe, huyu pembe moja, huyu mwenye kidonda, huyu mwizi wa mahindi, na Mwenyekiti alizijifunza zote, anauliza, anakosea kwa makusudi ili arekebishwe. Mimi nilikaa na wazee wa boma nikala vumbi na maziwa mgando. Tairi mbili zilipasuka njiani kurudi. Nilipolalamika alisema yule mama atakuja Tunduma mwezi unaofuata, na nani atakwenda kumchukua ninajua mwenyewe.

Mara moja chama chao cha taifa kilimpeleka kwenye mkutano wa viongozi wa viziwi nchi za mbali. Aliporudi tulikusanyika kusikiliza, mimi nikitegemea habari za maghorofa na theluji. Hakuna. Alieleza mchana kutwa jinsi kila nchi wanavyogombana jambo lilelile. Kuna nchi tajiri, alisema, viziwi wana jumba lao lenye ukumbi, na bado wapo watu wanaosikia wanaotaka kukaa meza ya mbele. Hapo akanitazama, na duara zima likanitazama. Kuna kwingine shule zao zinaongozwa na viziwi wenyewe. Kuna kwingine mtu haruhusiwi hata kuendesha gari kwa kuwa hasikii honi. Na kote alikopita, alisema, watu waliagana mlangoni mpaka mwenye ukumbi akazima taa. Alisema viziwi ni kijiji kimoja ila kimejengwa vibaya, nyumba moja Tunduma, ya pili Brazili.

Nilidhani ni maneno ya jukwaani. Halafu akaja mgeni wake mmoja, Mzungu kiziwi, mrefu, akashukia gesti yangu. Mimi Kizungu changu ni cha bei na tarehe ya mzigo. Tuliandikiana salamu kwenye karatasi tukaishia hapo, tunatabasamu kama wajinga. Mwenyekiti na wenzake, na wale viziwi wa upande wa Zambia ambao alama zao nazo ni tofauti, walikaa naye chai ya saa kumi wakionyeshana, wakichora hewani, wakirudia. Jua linazama, yule mgeni anawasimulia habari ya talaka yake na wote wanamsikitikia. Miaka mingapi nimefanya biashara na Wazambia, na zaidi ya salamu yao ya mulishani na bei, sijui hata mmoja wao ameoa au hajaoa.

Sasa nifike kwenye lililotukutanisha uso kwa uso.

Atupele alipata mchumba. Sichone, kijana wa Galula, mchimbaji wa dhahabu wa mashimo madogo, kiziwi. Walikutania kwenye chumba changu, nyuma ya duka langu, chini ya taa ninayoilipia mimi. Nilikataa, na sababu zangu zilikuwa za mzazi. Kiziwi na kiziwi, mtoto akilia atamsikia nani? Na Galula ni mbali, pikipiki tu, na mume kutwa yuko shimoni asikosikia hata wakipiga kelele kwamba udongo unaporomoka. Binti yangu nimemwokoa na kifo mara moja. Nani atakuwa mdomo wake kule?

Mwenyekiti akaja dukani, mchana, wateja wamejaa. Akamwambia Simbeye atafsiri kwa sauti. Alisema watoto wake watatu aliwalea baada ya mumewe kufariki, kila mmoja alilala na kamba laini kutoka mguuni kwake mpaka kwenye kifundo cha mkono wa mama. Mtoto akijitikisa, mama yuko macho kabla hajaanza kulia. Akaniuliza mke wangu, mwenye masikio yote mawili, aliamka haraka hivyo? Wateja wakacheka. Mmoja aliyekuwa ananunua misumari akaniambia, mkubwa, hapo umejibiwa.

Nikakubali wazee waje kuzungumza. Nilikubali kuzungumza tu. Nilikuwa nimeshapanga kuwachosha kwa maswali mpaka wajirudie wenyewe Galula.

Siku ikafika. Upande wangu walikaa kaka yangu mkubwa na wazee wawili wa ukoo. Upande wa Sichone, baba yake na mjomba wake, wanaosikia, na mshenga wao akaingia mwisho: Mwenyekiti. Kilemba kipya. Kaka yangu akaninong'oneza, tangu lini mshenga akawa mwanamke, tena asiyesikia. Nikamwambia anyamaze, huyo anasoma midomo. Viziwi wa chama walikuwa wamejaa kwenye veranda, wanachungulia madirishani, maana kwao shughuli ya mmoja ni ya wote.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotaka. Yule mama alijibu kila swali langu kabla sijalimaliza. Shimoni? Sichone hufungwa kamba kiunoni, mwenzake juu akiivuta anapanda. Mdomo? Galula kuna familia nne za viziwi, amewatembelea zote. Nyumba? Imeezekwa. Nikaanza kuishiwa.

Ikafika pale pa kumwita binti na kumuuliza kama anawafahamu wageni. Atupele akaingia, amejifunga kitenge, akapiga goti, akasimama. Kaka yangu akauliza kwa sauti ya ukoo. "Binti yetu, hawa wageni unawafahamu?"

Nikajibu. Mdomo ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea. Nikasema anawafahamu, ila bado anafikiri, na Galula kwake ni mbali. Na wakati huohuo Mwenyekiti alikuwa naye amenyanyua mikono, na Simbeye anatafsiri juu ya sauti yangu kwamba binti amekubali, na baada ya mavuno atahamia Galula.

Atupele alitazama mdomo wangu. Akatazama mikono ya mama yule. Akakanyaga sakafu, lakini sakafu yangu ni ya marumaru, haitikisiki. Akaipiga meza ya kioo kwa kiganja mpaka glasi za soda zikaruka, na soda ya mjomba wa watu ikamwagikia suruali.

Simbeye alitafsiri taratibu, ameinamisha kichwa.

"Baba amejibu. Mwenyekiti amejibu. Anayeolewa ni nani?"

Atupele hakungoja jibu. Akaendelea. Sichone anamtaka, na yeye anamtaka Sichone. Galula haendi. Wateja wake wako hapa, cherehani yake iko hapa. Sichone amechoka na mashimo, waliongea zamani, atakuja Tunduma ajifunze kuchomelea, na kama kuna mtu angewauliza wangesema. Baba yake Sichone akageuka kumtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake wa chama. Kijana akakubali kwa kichwa. Na jambo la mwisho, binti yangu akasema, chama kikichagua uongozi mwaka huu, yeye atagombea kiti cha mwenyekiti.

Niliwahi kumwona yule mama akibishana na madereva, na madiwani, na mimi. Sikuwahi kumwona amekosa la kusema kwa mikono. Safari hii mikono ilibaki hewani, vidole vimekunjuka. Kisha akaanza, haraka, kwa ukali, na Atupele akamjibu, wakawa wanajibizana katikati ya sebule yangu, wazee wote wanageuza vichwa huku na huku. Nikamuuliza Simbeye wanasema nini.

"Mzee, wamesema hapa nisitafsiri. Ni ya kwao."

Katika nyumba yangu.

Ilichukua muda. Mwisho Atupele alisema kitu kifupi, sijui ni nini na sitajua, na Mwenyekiti akakaa chini taratibu kama mtu aliyetua mzigo asiotaka kuutua. Akatazama dari. Kisha akanyanyua viganja vyake vyote viwili juu na kuvitikisa, ndivyo wanavyopiga makofi wao, na veranda nzima, madirisha yote, yakajaa mikono inayotikisika kimya. Kaka yangu akaniuliza kama hiyo ina maana wamekubaliana. Nikamwambia mimi nitajuaje.

Chakula kikaletwa. Simbeye nikamwambia aje akae karibu yangu, nina ya kuuliza. Lakini Atupele alimwonyesha sahani, akamfukuza kwa upole akale, kisha akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribiana. Akaanza kuniambia. Hakutumia zile zetu za kula na kulala, alitumia za kwao, moja moja, polepole, kama unavyompa mtoto uji wa moto. Nikakaza macho kwenye mikono yake. Ya kwanza nilidhani nimeielewa. Ya pili ilinipita. Nikajaribu kuifuata mikono, ikawa kama kuhesabu matairi ya lori linalotembea.

Mwenyekiti alikuwa pembeni na paja la kuku wangu mkononi. Alinitazama kidogo, akasonya, kwa sauti kabisa. Akaweka sahani chini, akafuta kidole kwenye kitenge, akakileta chini ya kidevu changu na kukisukuma juu, bila heshima yoyote, mbele ya wakwe, mpaka macho yangu yakatoka kwenye mikono ya mwanangu yakafika usoni kwake.

Binti yangu akaanza upya.